Uzi wa Njano

Mteja alikuja kuchukua gauni lake, akaninyooshea simu juu ya cherehani. "Fundi, hebu ona kimbunga kilivyowafanya wenzetu! Picha hii imeiliza nchi nzima."

Mtu amelala kwenye tope, kafunikwa na bati. Kilichobaki nje ni mkono mmoja wa shati.

"Mtoto wa watu, jamani! Wakubwa nao wanatoa pole, kana kwamba pole inaezeka nyumba. Mimi nimelia tangu asubuhi. Mbona wewe hulii, fundi? Una moyo wa jiwe?"

Nilikuwa natazama kifungo cha ule mkono. Shati lilikuwa la buluu, lakini kifungo kimeshonwa kwa uzi wa njano.

Siku nilipomshonea kaka yangu kifungo cha shati, uzi wa buluu uliniishia. Akacheka. "Shona tu, dada. Nani atanitazama mkononi?" Tangu upepo uvume huko aliko, simu yake haipatikani.

"Haya, lete simu, niwarushie na wengine."

Kidole gumba changu kilikuwa kimekifunika kile kifungo.

"Subiri kidogo, mama," nikamwambia.

Nikiondoa kidole tu, mtu huyu atakuwa kaka yangu.