Pombe Chungu ya Fungo

Palikuwa na Fungo mmoja, msafi kupindukia, aliyejitia kupika pombe ya harusi ya bintiye bila kuwahi kupika hata siku moja. Kila mara kabla ya kuonja alisugua meno kwa kijiti cha mwarobaini, kisha akachota.

"Ptuu! Chungu!" Akaimwaga yote mtaroni.

Akapunguza kimea. Chungu! Akaongeza ndizi mbivu. Chungu vilevile! Akabadilisha mtungi, akabadilisha hata kuni, na mtaro ukazidi kufurika.

Asubuhi ya harusi ulibaki mtungi mmoja. Fungo alikuwa akisugua meno ili auonje, huku machozi yakimtoka, aliposikia wimbo mtaroni. Ni jirani yake Ngiri, mlafi asiyechagua, amelala chali miguu juu.

"Jirani, hii ya jana imezipita zote!"

"Si chungu?"

"Tamu kama asali! Hebu toa hicho kijiti, usukutue, ndipo uonje."

Fungo akasukutua mpaka ulimi ukasahau mwarobaini. Akaonja. Akaruka juu, vigelegele vikamtoka!

Harusini wote walicheza, isipokuwa Ngiri. Yeye alikaa pembeni akilia, maana mtaro ulikuwa umekauka.