Alisema Alikuwa Mzima

Madina aliingia darasani bila hodi, leso imemlowa hadi magotini, karatasi mkononi.

“Mwalimu, mume wangu amekufa.”

Gershom, aliyewafundisha watu wazima Kiingereza pale Garsen, aliweka chaki mezani. Mafuriko ya El Nino yalikuwa yamekata njia zote. Dhadho, mumewe Madina, alikwenda Chara kuvuna mpunga kama afanyavyo kila mwaka, na huu ulikuwa mwezi wa tatu bila habari zake.

“Nani kakwambia?”

“Hii hapa. Imekuja na boti ya misaada. Karani wa kambi ya waliokimbia mafuriko kaandika maneno ya Dhadho. Ona: he was well. Alikuwa mzima. Alikuwa, mwalimu! Sasa je?”

Gershom alikaribia kucheka. “Kaa, mama.”

Hakukaa. Alizunguka kati ya madawati, akikunja na kukunjua pindo la leso.

“Hiyo ni kauli ya taarifa tu. Wiki jana hukuja. Ukieleza maneno ya mtu, kitenzi hurudi nyuma hatua moja. Dhadho alisema am, karani akaandika was. Hebu irudishe ubaoni kama alivyosema mwenyewe.”

Madina alichukua chaki. Ikamvunjikia. Akaokota kipande, akaandika kwa Kiingereza: Mimi ni mzima. Akashusha pumzi. Ya pili: Ninakula vizuri. Ya tatu: Siwezi kusafiri sasa.

“Kumbe yu hai!” Alicheka, akajifuta machozi kwa mkono wenye chaki. “Anaongea kabisa!”

Gershom alikuwa amechukua karatasi kuona kilichobaki. Akaikunja mara mbili.

“Yatosha kwa leo, mama. Nenda nyumbani ukapumzike.”

“Nipumzike nini? Imebaki moja, nimeiona.” Alimpokonya, akarudi ubaoni mbio. “The day before inageuka nini?”

“Jana,” alijibu Gershom, akitazama dirishani.

“Na his?”

Mwalimu alijipangusa chaki vidoleni. “My.”

Madina aliandika haraka, neno baada ya neno, asiruke hata nukta. Kisha akawageukia wenzake waliokuwa wameanza kuingia, akaisoma kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, bado anatabasamu:

“Mke wangu alijifungua mtoto wa kiume jana.”