Kichwa cha Kuazima

Chuoni kwao, mwanafunzi wa tiba ya michezo hakupewa cheti mpaka abebe kichwa cha mchezaji aliyegongwa, kwa jioni kumi. Alivaa kofia maalumu, na kizunguzungu chote cha mchezaji yule kikawa chake mpaka alipoivua.

Binti mmoja, jina lake Sikudhani, aliogopa kusimamisha mechi mchezaji anapoumia, kwa hiyo aliivaa bila kulalamika ili imfunze. Jioni ya tisa alikaa jikoni akimenya viazi, taa ikimchoma macho. Mama yake, Bi Mgeni, alishika karatasi ya maswali ya chuo.

“Leo siku gani?”

“Niko sawa, mama.”

“Sijakuuliza hali, nimekuuliza siku.”

Sikudhani aliitafuta siku asiipate. Maganda alikuwa ameyatia sufuriani, viazi amevitupa.

Kesho yake uwanjani, Sikudhani akiwa mhudumu wa zamu, nahodha aligongana kichwa na kipa, akainuka akitabasamu.

“Niko sawa, dada. Niache nicheze.”

Maneno yale Sikudhani aliyajua vizuri. “Kaa chini,” akasema. Mashabiki wakamzomea, naye hakusogea hata hatua moja.

Jioni hiyo hakupangiwa kofia. Alirudi nyumbani mwepesi, akashika kisu, akamenya viazi na kuinjika sufuria.

“Mama, leo nimemtoa uwanjani nahodha mwenyewe.”

“Hongera, mwanangu.”

Bi Mgeni alifunua sufuria ili akoroge. Maganda yalikuwa yakichemka. Akaurudisha mfuniko polepole, akaenda kuichukua karatasi.

“Sikudhani, leo siku gani?”

Binti akacheka. “Niko sawa, mama.”