Kiganja Ukutani

Enzi hizo ukuta haukusahau kitu. Ukiuwekea kiganja, ulikurudishia maneno yaliyowahi kusemwa mbele yake, na wazazi wengi walizoea kusikiliza kuta za vyumba vya watoto wao kabla ya chakula cha jioni. Mwanakombo naye alisikiliza ukuta wa binti yake, Saumu, kila siku. Aliona ndiyo malezi.

Siku aliyozuru ngome kongwe ya Wareno pale ufukweni, udadisi ulimpeleka moja kwa moja hadi kwenye chumba cha wafungwa. Alipofika mlangoni akabisha kwa mazoea, "Hodi," kisha akajicheka, maana ndani hamkuwa na mtu. Akaweka kiganja kwenye jiwe.

"Karibu," ikasema sauti ya mwanamume. Kisha tena: "Karibu."

"Huyo ni mfungwa wa zamani, mama," akaeleza Kheri, mwongoza wageni. "Walinzi walimfungulia mlango wakati wowote, bila hodi. Naye kila mara aliwakaribisha, kama mwenye nyumba."

"Kwa nini?"

"Labda alitaka wakumbuke kwamba ndani mna mtu."

Mwanakombo alirudi nyumbani na hamu ya kumsimulia Saumu kisa hicho. Binti alikuwa bado hajatoka shule. Basi akasukuma mlango wa chumba cha binti, akaweka kiganja ukutani kama ilivyokuwa desturi yake.

Ikatoka sauti ya Saumu, ya taratibu, yenye adabu zote.

"Karibu, mama."