Mlango wa Nyuma

Mshauri aliudai mlango wa nyuma kufa na kupona, mpaka mkuu wa chuo akawa akimwona anageuza njia. Alitaka wanafunzi waliobakwa waingie ofisini kwake bila kuonwa na mtu.

Siku ya kufungua ofisi alikaa akiutazama mlango wenyewe, bado unanuka rangi mbichi.

Mapumziko yakafika, korido ikafurika. Mara ukagongwa mlango wa mbele.

Msichana alisimama pale kidete, macho ya korido nzima mgongoni.

"Mwanangu," mshauri akanong'ona, "kuna mlango kule nyuma."

"Nimeuona, mama," msichana akajibu, wote wakasikia. "Huo mwachieni aliyenibaka. Wa kujificha ni yeye."

 Kisha wasichana wawili wakajipenyeza, wakapanga foleni nyuma yake.