Mihogo ya Mama Aloo

Nilisikia panga likikata kabla sijaona mtu. Tangu vita vya uchaguzi hapa Turbo, sauti hiyo hunitoa kitandani mbio.

Alikuwa jirani yetu, Mama Aloo, akifyeka mihogo yake mwenyewe. Chini ya majani, wadudu weupe walijazana kama unga uliomwagika.

"Mama, si hiyo ndiyo chakula ya watoto?"

"Nikiiacha, kesho wadudu watavuka ua wamalize yenu. Wacha kusimama kama mlingoti, lete mafuta taa na kiberiti!"

Mwaka ule wa vita, nyumba yake ilipochomwa, sisi hatukupeleka hata ndoo ya maji.

Nilimpa mafuta na kiberiti. Kisha nikapaza sauti hadi baba yangu akasikia ndani ya nyumba yetu: "Mama Aloo, mihogo yetu ikikomaa, nusu utang'oa wewe!"