Betri ya Randa

Maranda yalikuwa yamekwama ndani ya randa ya betri. Fundi Kombo alipopeleka kidole kuyachokoa, mwanafunzi wake mpya, Bi Mwanaidi, alimdaka mkono.

"Fundi, hujachomoa betri!"

Uso ulimshuka Kombo. Kwa miaka mitatu alikuwa akiwaambia watu kwamba mkewe alikatwa vidole na randa hiyohiyo kwa uzembe wake mwenyewe. Na mkewe, Siwema, alikuwa palepale akipiga msasa mlango.

"Mke wangu," Kombo alisema kwa shida, "siku ile nilikwambia betri nimeshaitoa, uchokoe tu. Sikuwa nimeitoa."

"Najua," alijibu Siwema. "Nilikuwa nangoja useme."

Akaja, akanyoosha kiganja kilichopungua vidole, aipokee betri. Kombo alichomoa betri, akaiweka humo, asiweze kuinua macho.